Siku kumi na trela katika hifadhi za Ziwa Superior: tufike hadi Thunder Bay au tuishie njiani?

Mama Salma

Assalamu alaikum na salamu kwa wote.

Tunaishi Toronto, na kwa miaka sita tumekuwa tukipiga kambi kwa hema katika hifadhi za karibu. Mwezi uliopita mimi na mume wangu tulinunua trela ya kulala iliyokwisha kutumika, yenye urefu wa mita sita hivi, vitanda vya watu sita, jiko na jokofu la gesi, na choo kidogo. Sasa tunataka kuitoa kwa safari yake ya kwanza ya kweli, kwenda hifadhi za Ontario zilizo ufukweni mwa Ziwa Superior, kuanzia katikati ya Julai watoto wakiwa likizoni. Mimi nimezaliwa Mwanza, na tangu nilipojua kwamba Superior lina eneo la takriban kilomita za mraba 82,100, yaani ni kubwa kuliko Ziwa Viktoria letu lenye takriban 68,800, nimekuwa na hamu ya kusimama ufukweni mwake na wanangu.

Tutakuwa watu sita: sisi wawili, mama mkwe wangu mwenye miaka 68 ambaye goti linamsumbua, na watoto wa miaka 13, 9 na 4. Mume wangu amepanga siku kumi kutoka Toronto hadi Thunder Bay na kurudi, tukilala Grundy Lake, Pancake Bay, Agawa Bay, Neys na Sleeping Giant, hifadhi iliyo upande wa Thunder Bay. Kwenda peke yake ni takriban km 1,400. Yeye anaona inawezekana kwa kuwa tukisafiri kwa gari tupu tumewahi kwenda km 900 kwa siku moja. Mimi nina wasiwasi, na nimemwambia kwamba tuulize watu waliokwisha kuvuta trela kwenye njia hiyo kabla hatujalipa hata senti.

Kitabu cha gari letu kinasema linaweza kuvuta kg 2,270, na kibao cha trela kinasema ina kg 1,600 ikiwa tupu, kwa hiyo upande wa uzito tunajiona tuko salama. Ninachoomba ni ushauri kuhusu njia, kuhusu viwanja vya kuchagua, kuhusu nyama yetu ya halali ambayo tutaibeba kutoka nyumbani ikiwa imegandishwa, na kuhusu lolote ambalo mtu anayeanza hawezi kulifikiria mwenyewe.

Dereva wa Barabara ya 17

Wa alaikum salaam, Mama Salma. Nimeendesha lori kwenye Barabara Kuu ya 17 kati ya Sudbury na Thunder Bay kwa miaka tisa, na kila kiangazi huirudia njia hiyo hiyo na familia yangu nikivuta trela. Niseme bila kuzunguka: ondoeni Thunder Bay kwenye mpango. Sleeping Giant ni mahali pazuri sana na ipo siku mtafika, lakini km 2,800 kwa siku kumi, mkiwa na mtoto wa miaka minne na mama mwenye goti bovu, maana yake ni kwamba ziwa mtaliona kupitia kioo cha gari.

Saa za ramani si saa za mtu anayevuta trela. Ramani inadhani unakwenda mwendo mmoja muda wote. Wewe utapungua kwenye kila mlima, utasimama kujaza mafuta karibu mara mbili ya ulivyozoea kwa sababu gari linalovuta hunywa karibu maradufu, utapisha foleni ya magari yaliyo nyuma yako kila unapofika penye njia ya kupitana, na utashuka kukagua matairi na kiungo kinachoshikanisha gari na trela. Mimi huongeza theluthi moja juu ya saa za ramani, na hesabu hiyo haijaniangusha. Tena usiku siendeshi kabisa upande ule. Jioni na alfajiri musi hutoka porini na kusimama barabarani. Ni mnyama wa jamii ya kulungu, mrefu kuliko farasi, mwenye rangi ya giza, na miguu yake ni mirefu kiasi kwamba taa za gari hupita chini ya tumbo lake kabla hujamwona. Ukigonga miguu, mwili wote unakuja kwenye kioo. Pangeni muwe mmekwisha kuegesha kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Ningekuwa mimi, ningegawa hivi. Siku ya kwanza ni Toronto hadi Grundy Lake, takriban km 320, mlale usiku mmoja. Siku ya pili ndiyo ndefu, takriban km 460 hadi Pancake Bay. Ondokeni mapema, mle chakula cha mchana Massey katika hifadhi ya Chutes ambako kuna maporomoko ya maji na mahali pa watoto kukimbia, kisha mpite Sault Ste. Marie na mfike bado jua liko juu. Pancake Bay laleni usiku mbili. Kutoka hapo hadi Agawa Bay, ndani ya hifadhi ya mkoa ya Lake Superior, ni mwendo wa saa moja tu, na hapo kaeni usiku nne nzima. Kurudi, laleni Chutes usiku mmoja na Grundy Lake usiku mmoja. Hizo ni usiku tisa, siku kumi, na trela mtaifungua na kuifunga mara tano tu. Kila kufunga na kufungua kunakula saa moja na nusu ya siku kwa familia inayoanza, na hilo watu hawalihesabu.

Agawa Bay ni ufuko wenye urefu wa kilomita tatu hivi, mawe ya mviringo na mchanga, na jua linazama mbele yenu juu ya maji. Ubaya wake ni kwamba uwanja wa kambi umebanwa kati ya ufuko na barabara kuu, hivyo malori husikika usiku. Mkichagua viwanja vilivyo upande wa ziwa, mawimbi yatafunika sehemu kubwa ya kelele. Mkiwa hapo, iacheni trela mkatembee na gari tupu: Katherine Cove, ambako maji ni ya kina kifupi na yamekingwa na upepo, Old Woman Bay yenye jabali refu, na Wawa, ambako sanamu kubwa ya bata bukini ilisimamishwa kwa mara ya kwanza 1960, mwaka ambao barabara hii iliunganishwa kando ya ziwa.

Kuhusu michoro ya Agawa Rock, jabali lililo ndani ya hifadhi hiyo hiyo: ni michoro ya rangi nyekundu ya udongo, kazi ya Waojibwe, wenyeji wa asili wa eneo hilo, na aliye maarufu zaidi ndani yake ni Mishipeshu, kiumbe wa majini mwenye pembe na mgongo wa miiba. Aliyewahi kuona michoro ya Kondoa atajua heshima ambayo mahali kama hapo panadai. Njia ya kushuka ni fupi, nusu kilomita hivi, ila ni ngazi za mawe zenye mwinuko mkali ndani ya ufa wa jabali, na mwishoni unasimama kwenye ukingo ulioinama kuelekea majini, wenye kamba na minyororo ya kushikilia. Hufikiwa ziwa likiwa limetulia tu. Mama mkwe na mdogo wa miaka minne wabaki juu na mtu mzima mmoja, na ninyi wawili mpokezane.

Jambo la mwisho, nalo ni la haraka. Nafasi za hifadhi za mkoa hufunguliwa miezi mitano kabla ya siku ya kuwasili, asubuhi na mapema, na viwanja vyenye umeme karibu na ufuko huondoka siku hiyo hiyo. Anayetaka katikati ya Julai anahifadhi katikati ya Februari. Hiyo ni wiki ijayo.

Fundi wa Trela

Mama Salma, mwanangu, mwenzangu hapo juu amekujibu njia vizuri. Mimi nitakaa kwenye ile sentensi yako moja, kwamba upande wa uzito mnajiona mko salama. Nimetengeneza trela kwa muda mrefu, na hiyo ndiyo sentensi ninayoisikia kwa karibu kila familia iliyokuja kwangu ikiwa imetetemeka.

Kg 1,600 ni trela jinsi ilivyotoka kiwandani. Haina mitungi ya gesi iliyojaa, haina betri ya pili, haina godoro la ziada, haina sufuria, haina maji. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 120 likijaa umeongeza kilo 120 kabla hujapakia hata kijiko. Familia ya watu sita huongeza kg 300 hadi 400 bila kujua. Chukulieni trela yenu itakuwa na kg 1,950 barabarani. Bado iko chini ya 2,270, na hapo ndipo watu wanapofunga kitabu.

Sasa fungua mlango wa dereva na usome kibandiko kilichopo kwenye fremu, kile kinachosema uzito wa watu na mizigo usizidi kilo kadhaa. Namba hiyo ndiyo mwisho wa kila kitu ambacho gari lenyewe linabeba, na sehemu ya uzito wa trela imo ndani yake. Trela inayotulia barabarani ni ile ambayo asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake inalala kwenye kiungo cha gari. Kwa trela ya kg 1,950, asilimia 12 ni kg 234, na hizo ni kilo zinazokaa juu ya mgongo wa gari lako pamoja na ninyi sita. Niandikie namba ya kibandiko, tufanye hesabu pamoja.

Msijaribu kukwepa kwa kuhamishia vitu vizito nyuma ya trela ili kiungo kiwe chepesi. Hili nimelifanya mwenyewe nilipokuwa kijana, na ninalieleza kwa sababu watoto wangu wawili walikuwemo garini. Nilifunga baiskeli nne nyuma kabisa, tangi la maji lililokuwa nyuma ya ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, likiwa limejaa, nikafurahi kwamba gari halikuinama. Nikiwa kwenye mteremko, lori likanipita. Upepo wake ukaisukuma trela kushoto, kisha ikarudi kulia zaidi ya ilivyokwenda kushoto, kisha kushoto tena zaidi, na usukani ukawa mwepesi mikononi kama gari limenyanyuliwa. Kilichotuokoa ni kwamba sikukanyaga breki za gari. Nilitoa mguu kwenye mafuta na kuvuta kwa mkono breki za trela peke yake, ikanyooka. Mzigo mzito ukae sakafuni, juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Nyuma wekeni mablanketi.

Sheria za Ontario zikumbukeni pia. Leseni ya daraja la G inaruhusu kuvuta trela isiyozidi kg 4,600, kwa hiyo hapo hamna shida. Trela yenye kg 1,360 au zaidi lazima iwe na breki zake, na kwa breki za umeme gari linahitaji kidhibiti ndani, karibu na mkono wa dereva. Kama gari lenu halina, kifungwe na kijaribiwe kabla ya safari. Minyororo ya usalama ipite chini ya kiungo kwa kupishana kama herufi X, ili trela ikichomoka ncha yake idakwe na minyororo badala ya kuchimba lami. Trela isajiliwe na iwe na namba yake. Na mtu yeyote asikae ndani ya trela ikiwa inatembea, hata kama mama anaomba ajinyooshe kidogo.

Kuhusu matairi, trela ya kununua mkononi mwa mtu huwa na matairi yanayoonekana mapya kwa sababu imesimama muda mrefu. Tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho za namba ya kiwanda: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Yakiwa na zaidi ya miaka sita, yabadilisheni, kwa kuwa tairi huzeeka hata likiwa limelala. Mkiyabadilisha, kazeni nati tena baada ya km 80 hadi 160 za mwanzo.

Mama Salma

Mzee wangu, shikamoo, na asante. Nimekwenda kusoma kibandiko: kinasema kg 590. Nimejumlisha watu sita nikapata kg 328. Nikiongeza zile 234 za kiungo ninapata 562, na bado sijaweka sanduku la barafu, mikoba, kiti cha mtoto wala kigari chake. Nilipomwonyesha mume wangu alinyamaza kwa muda, kisha akasema safari ya Thunder Bay imekufa na tujadili mizigo. Je, hali hii ina dawa, au gari letu halifai kabisa?

Fundi wa Trela

Marahaba, mwanangu. Lina dawa, kwa kuwa mmebakiwa na kg 28 na hamjapita. Garini wakae watu, kiti cha mtoto, maji ya kunywa ya njiani na mkoba wa dawa za mama. Vingine vyote vihamie trelani, juu ya ekseli. Tangi la maji liwe tupu barabarani, mlijaze mkifika, maana bomba lipo katika kila uwanja wa kambi. Na mtangulize kumwaga matangi ya maji machafu kabla ya kuondoka kila kituo. Vyakula vya makopo, kuni, majenereta, baiskeli za watu wazima, acheni. Kisha, kabla ya Julai, pakieni kila kitu kama siku ya safari, ingizeni familia nzima garini, na mwende kwenye mizani ya malori mkapime. Karatasi ya mizani ndiyo itakayowaambia ukweli. Hesabu yangu hapa ni makadirio tu.

Fungeni pia kiungo chenye vyuma vya kugawa uzito. Kinarudisha sehemu ya mzigo kwenye magurudumu ya mbele ya gari, na usukani unabaki na nguvu. Ila someni kitabu cha gari kwanza, kwa sababu baadhi ya magari hayakiruhusu, na kumbukeni kwamba hakiongezi hata kilo moja kwenye kile kibandiko.

Mwanaziwa

Nami nimekulia kando ya Ziwa Viktoria, upande wa Musoma, na ningependa kumwonya dada yangu juu ya jambo ambalo sisi tuliozaliwa kule tunalikosea kwa urahisi. Tukiona mchanga, jua na maji yasiyo na ng'ambo, mwili unakumbuka maji ya uvuguvugu ya nyumbani. Viktoria lina kina cha mita 80 na ushei. Superior linashuka hadi mita 406, na maji yake ya chini hukaa karibu na nyuzi 4 mwaka mzima. Upepo ukivuma siku mbili kutoka nchi kavu, unasukuma maji ya juu yaliyopata jua na kuyaleta ya chini ufukweni, hivyo ufuko uliokuwa mzuri Jumatatu unaweza kumkata mtu pumzi Jumatano bila anga kubadilika hata kidogo. Mara ya kwanza nilipoingia Superior nilifika kifuani, na kifua kikajifunga. Nilikuwa nahema haraka haraka nisiweze kujizuia, mtu mzima niliyeogelea tangu utotoni.

Kwa hiyo hesabuni Superior kuwa ziwa la kutazama, kutupia mawe na kuchezea miguu, na mtegemee Grundy Lake kwa kuogelea, maana ni ziwa dogo la ndani ambalo hupata joto. Katherine Cove ikiwa imetulia, watoto wataingia. Fuko za hifadhi za mkoa hazina waokoaji. Mtu mzima awe majini karibu na mtoto kiasi cha kumshika kwa mkono. Boya la kuchezea la kujaza pumzi lisiguse maji ya Superior kabisa, kwa sababu upepo wa kutoka nchi kavu hulichukua na mtoto juu yake kabla hujavua viatu. Majaketi okozi yavaliwe, na kama hamna ya saizi ya mdogo, ulizeni langoni, kwani hifadhi nyingi za Ontario huyaazima.

Usiku jiandaeni kwa baridi hata Julai. Mama mkwe apewe kitanda cha mbali na mlango, na chagueni kiwanja chenye umeme ili awashe hita ndogo. Usubi wa majira ya kuchipua utakuwa umepungua sana kufikia katikati ya Julai, lakini mbu watakuwepo, basi mikono mirefu na rangi hafifu jioni.

Kuhusu nyama: jokofu la gesi la trela si kama la nyumbani. Linachukua saa nyingi kupoa, hivyo liwasheni usiku wa kuamkia safari na mpakie nyama ikiwa tayari imeganda kama jiwe. Linataka pia trela iwe imelala sawa. Ikiinama, dawa ya ndani haizunguki na jokofu halipoi hata mkipandisha namba ya juu kabisa. Gesi izimwe kabla ya kuingia kituo cha mafuta.

Na chakula chote, pamoja na sufuria chafu, mafuta ya kupikia, dawa ya meno na takataka, kifungiwe ndani ya gari au trela mara tu mnapomaliza, hata kama mnakwenda kunawa mikono tu. Dubu weusi wa kule wana pua kali, na dubu aliyezoea kiwanja cha watu mara nyingi huishia kuuawa. Kijana wenu wa miaka 13 akitaka kulala katika hema lake dogo kando ya trela anaruhusiwa, maana kiwanja kimoja kinachukua hadi vibanda vitatu ambavyo kimoja tu ndicho trela; lakini hemani asiingie na hata peremende.

Mpenda Pukaskwa

Ninakubaliana na karibu yote yaliyosemwa, ila ningewaomba mlikumbuke na jina ambalo halijatajwa hapa, Pukaskwa. Ni hifadhi ya taifa, karibu na Marathon, na uwanja wake wa Hattie Cove una viwanja 67 tu, kwa hiyo haujazani kama hifadhi za kusini. Kuna ufuko wenye magogo yaliyoletwa na mawimbi, mepesi na meupe kama mifupa, na ghuba iliyojificha ambako watoto huchezea maji kwa utulivu. Nafasi zake huhifadhiwa kwa mfumo wa hifadhi za taifa, tofauti na ule wa mkoa. Familia ikiwa na siku 14 badala ya kumi, ningesema nendeni. Kwa siku kumi, ninakubali kwamba Agawa Bay ndiyo mwisho.

Mama Salma, mmefanya mazoezi ya kurudi nyuma?

Mama Salma

Bado. Muuzaji ndiye aliyeiegesha kwetu, na tangu siku hiyo haijasogea. Hilo ndilo linalomnyima mume wangu usingizi kuliko kilo.

Mpenda Pukaskwa

Basi tafuteni uwanja mpana wa kuegesha magari asubuhi ya Jumapili, kabla watu hawajaja, na mwende na ndoo nne za kuwa kama miti. Mkono mmoja uwe chini kabisa ya usukani, pale penye namba 6 kwenye saa ya ukutani; ukitaka nyuma ya trela iende kulia, mkono uende kulia, na ikitakiwa kushoto, mkono uende kushoto. Kwa njia hiyo kichwa hakibishani na mikono. Zungusha kidogo, ngoja uone trela inavyoitika, kisha ufuate. Ikianza kujikunja, simama, nenda mbele unyooke, uanze upya; hakuna aibu ndani yake, na wapiga kambi wa muda mrefu hufanya hivyo kila siku. Anayeongoza kwa mikono asimame mahali ambapo dereva anamwona kwenye kioo, na mkubaliane mapema kwamba asipoonekana, dereva anasimama papo hapo. Ingieni kiwanjani kwa upande ambao nyuma ya trela inaelekea upande wa dereva, kwa kuwa ndiko anakoona vizuri.

Mkishafika mahali, mpangilio wa kazi ni muhimu na usibadilike hata kama mvua inanyesha. Weka pimamaji sakafuni mlangoni, usawazishe kwanza upande kwa upande kwa kupandisha gurudumu lililo chini juu ya mbao. Kisha kabari mbele na nyuma ya magurudumu, ukizigonga kwa kisigino mpaka zikamate. Ndipo ufungue kiungo. Na unapofungua utasikia trela ikivuta pumzi na kusogea kidole kimoja hivi hadi ilalie kabari. Kidole hicho kimoja, bila kabari, kingekuwa safari ya kwenda ziwani. Baada ya hapo inua au shusha mbele kwa jeki mpaka povu la pimamaji likae katikati, na mwisho shusha miguu ya pembe nne. Watoto wasiruhusiwe kupita kati ya gari na trela mpaka kazi iishe. Mpeni yule wa miaka tisa pimamaji, atajisikia msaidizi na atakaa mahali pamoja.

Mama Salma

Nawashukuru sana. Jana asubuhi tulikaa sebuleni na simu mbili, tukapata Grundy Lake ya kwenda, Pancake Bay usiku mbili na Agawa Bay usiku nne, kiwanja chenye umeme, upande wa ziwa. Chutes na Grundy Lake za kurudi tutazihifadhi siku zake zikifika. Kidhibiti cha breki tunafunga Machi, na matairi, tuliposoma tarakimu, yametimiza miaka minane, kwa hiyo yanabadilishwa.

Nina swali moja la Dereva. Nimesikia kwamba kati ya Pancake Bay na Agawa Bay kuna mlima unaoogofya, na sehemu hiyo ndiyo fupi kuliko zote kwenye mpango wetu. Tuuogope?

Dereva wa Barabara ya 17

Ni kilima cha Montreal River. Msikiogope, ila mkijue kabla hamjakifika. Kupanda, shusha gia mapema kabla gari halijaanza kuhema, kaa upande wa kulia, angalia kipimo cha joto la injini, na usijali nani yuko nyuma yako. Njia ya kupitana ipo kwa ajili yao. Zima kipoza hewa na mfungue vioo, kwani upepo wa ziwa hapo ni mzuri. Siku ya kurudi mtakishuka, na kushuka ndiko kunakotaka akili zaidi. Ingia kileleni ukiwa tayari kwenye gia ya chini na mwendo wa pole, uiache injini ikushike. Breki zikanyagwe kwa nguvu kiasi, ziachiwe, zikanyagwe tena. Mguu usilalie breki kilima chote, maana zikishapata moto hazishiki, na ukisikia harufu ya kuungua tafuta pa kusimama, uziache zipoe angalau nusu saa.

Sehemu kubwa ya kipande hicho simu haishiki, kwa hiyo pakueni ramani kwenye simu mkiwa bado Sault Ste. Marie, mjaze mafuta hapo hapo, na mumwachie ndugu mmoja Toronto orodha ya viwanja vyenu na tarehe zake. Kuni msibebe kutoka nyumbani. Nunueni hifadhini, kwa sababu wadudu wanaoua misitu husafiri ndani ya magogo ya watu wa kambi. Mkifika, someni kibao langoni kabla ya kuwasha kiberiti, maana kukiwa na ukame moto wa kambi hupigwa marufuku, na hapo mtapika kwa jiko la gesi.

Ondokeni Pancake Bay saa nne asubuhi. Agawa Bay watawapokea kuanzia saa nane mchana, basi kati ya hapo simameni Katherine Cove. Ipo mbele zaidi, mkishapita lango la Agawa Bay, na maegesho yake ni madogo, kwa hiyo mmoja wenu ashuke kwanza kuangalia kama trela itapata pa kugeuka. Mkikuta pamejaa, rudini Agawa Bay, mwombe kuegesha kwenye kituo cha wageni, na mama mkwe apate kiti akilitazama ziwa huku mkisubiri saa nane.